Mdogo wangu analipia, sote tunatumia: tuchukue Microsoft 365 ya mtu mmoja au ya familia?

Barua

Dada, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wetu wawili. Binti yuko mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, mdogo wake yuko kidato cha tatu, tena kwenye shule hiyohiyo ninayofundisha. Mume wangu ana steshenari karibu na stendi, anachapa barua, CV na fomu za watu.

Mdogo wangu wa kiume ni mhasibu huko Dodoma. Yeye ndiye aliyelipia Microsoft 365 ya mtu mmoja, ile yenye Word na Excel, na kwa moyo mzuri akatupa email yake na paswedi. Tukaingia sote: laptopu yangu yenye mitihani na alama za wanafunzi, ya binti, ya kijana hapa nyumbani, na kompyuta moja ya dukani. Tumeishi hivyo kwa amani mpaka juzi, binti alipoambiwa na mashine kwamba nafasi inakaribia kujaa. Akafuta mafolda aliyoona ni ya zamani, kumbe yalikuwa mahesabu ya kazi ya mjomba wake. Nashukuru Mungu yalipatikana kwenye kapu la taka, ila maneno yalishatoka. Mdogo wangu amesema safari hii kila mtu akanunue yake.

Siku hizohizo ikaja email kwamba muda wa kulipia umekaribia na bei ya mwaka si dola 69.99 tena, ni 99.99. Mume wangu anasema tuchukue ile ya familia, watu sita, tuiweke nyumbani na kwenye kompyuta zote za dukani, tumalize. Wifi yangu naye ameomba aingizwe. Na kuna kijana aliyemwambia mume wangu kwamba anauza "Office ya maisha", unalipa mara moja tu, kwa pesa ndogo sana, anakupa email na paswedi tayari.

Naomba unisaidie. Tuchukue ya mtu mmoja mmoja au ya familia? Tukichukua ya familia, mdogo wangu ataona mafaili yangu? Na siku akiacha kulipa, au tukikosana, kazi zangu za miaka yote zinapotea?

Mwalimu, Morogoro

Jibu

Mwalimu, pole kwa mvutano uliowaingia ndugu. Nitafika kwenye bei, ila kuna jambo kwenye barua yako haliwezi kusubiri uamuzi wa bei.

Kijana wako wa kidato cha tatu anasoma shule unayofundisha, na yuko ndani ya akaunti ileile unayohifadhia rasimu za mitihani na alama za wanafunzi. Simtuhumu mtoto. Lakini karatasi ikivuja siku moja, hata kwa njia nyingine kabisa, hutakuwa na la kujitetea mbele ya mkuu wako. Leo jioni hamisha mitihani na orodha za alama kwenye fleshi au diski yako mwenyewe, uhakikishe zinafunguka, kisha uzifute kule, pamoja na zile za kwenye kapu la taka.

Mliingiaje kwenye hali hii? Mpango wa mtu mmoja unaruhusu mwenye akaunti kuingia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja, kwa hiyo mashine haikuwakatalia. Vifaa vitano vile ni vya mtu mmoja huyohuyo: simu yake, laptopu yake, kompyuta ya kazini. Mnapoingia watu watano kwa email moja, Microsoft inawahesabu kuwa mtu mmoja mwenye terabaiti 1 ya hifadhi kwenye OneDrive, ghala la mafaili la Microsoft la mtandaoni. Chochote anachoandika mmoja wenu, wengine wanakiona. Anachofuta kinatoweka kwenye laptopu zote, na kapu la taka la OneDrive hukitunza kwa siku 30 tu. Binti yako alikuwa na haki ya kudhani anasafisha mambo yake. Nakuomba umwambie mjomba wake hivyo, kwa sababu naona lawama imemwangukia aliye mdogo.

Sasa, mdogo wako anataka kila mtu awe na yake, mume wako anataka ya familia. Mnabishana kana kwamba ni vitu viwili vinavyopingana, na sidhani kama ndivyo. Mpango wa familia unachounganisha ni malipo peke yake. Aliyenunua anawatumia mwaliko watu wasiozidi watano. Kila mmoja anaupokea kwa akaunti yake ya Microsoft, yenye email yake na paswedi yake, na anapewa terabaiti 1 yake mwenyewe, Word yake, Excel yake, na vifaa vyake vitano. Mdogo wako hataona faili lako hata moja mpaka wewe uamue kumshirikisha faili hilo, na wewe hutaona mahesabu yake. Kwa maneno mengine, kile anachokidai kwa hasira, kila mtu na yake, ndicho mpango wa familia unachotoa. Hebu mpigie simu umweleze hilo kabla hamjagusa suala la pesa.

Tuje kwenye pesa. Nitatumia bei za Marekani kwa sababu ndizo ulizoandika. Ninyi mtaongeza makato ya benki, na VAT pale inapotozwa, kisha mbadilishe kwa kiwango cha siku hiyo. Mpango wa mtu mmoja ni dola 99.99 kwa mwaka, wa familia ni 129.99. Tofauti ni dola 30. Ina maana mtu wa pili tu akishajitokeza anayehitaji kulipiwa kweli, ya familia imeshakuwa nafuu, kwa sababu mbili za mtu mmoja zingekuwa karibu dola 200. Wewe na mdogo wako mkigawana hiyo ya familia nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa dola 65. Hiyo ni chini hata ya ile 69.99 aliyokuwa akilipa peke yake zamani, na wengine wanaingia bila kuongeza senti. Lipieni kwa mwaka. Ukilipa kwa mwezi, ya familia ni dola 12.99, na miezi kumi na miwili inafika dola 155.88.

Kuhusu hiyo bei iliyopanda, inafaa mjue imetoka wapi. Kuanzia Januari 2025 Microsoft iliingiza Copilot, msaidizi wa akili mnemba, ndani ya mipango hii ya nyumbani, na bei ikapanda nayo. Kwa waliokuwa wateja tayari upo mpango ulioitwa Classic, wa bei ya zamani na usio na Copilot, lakini wengi hawakuujua. Australia mamlaka ya ushindani na ulinzi wa walaji, ACCC, iliipeleka Microsoft mahakamani Oktoba 2025 kwa madai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 walielezwa kana kwamba hakuna njia nyingine zaidi ya kulipa bei mpya au kughairi. Mteja alikuwa akiuona mpango huo baada ya kuanza hatua za kughairi. Kwa hiyo kama mdogo wako ataamua kubaki peke yake, aingie kwenye ukurasa wa akaunti yake, aanze kughairi, aangalie kama Classic inajitokeza kabla hajathibitisha chochote. Mimi nisingelipia Copilot kwa ajili ya barua na ripoti za kawaida.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa: kwenye mpango wa familia, Copilot ni ya mwenye mpango peke yake. Wale watano walioalikwa hawaipati. Kama mlikuwa mnafikiri binti ataitumia kwa masomo, hesabu hiyo ifuteni.

Hebu sasa tuwatazame watu wenyewe, maana sioni kama wote sita wanahitaji.

Wewe unahitaji, na mdogo wako anahitaji. Wifi, kama ana kazi ya kuandika au picha za kuhifadhi, apewe nafasi, haiongezi gharama. Binti aanze kwa kuuliza chuoni. Microsoft huvipa vyuo vinavyostahili mpango wa bure wa Word, Excel na PowerPoint za kwenye intaneti kwa email ya mwanafunzi, na vipo vyuo vilivyolipia zaidi ya hapo. Wanafunzi wengi wana email ya chuo na hawajawahi kuijaribu. Ajue tu kwamba siku akihitimu akaunti ile inaweza kufungwa, kwa hiyo tasnifu na kazi zake za kudumu azihifadhi kwenye akaunti yake binafsi. Kijana wa kidato cha tatu, kusema kweli, Word ya bure ya kwenye intaneti inamtosha kabisa: anafungua akaunti yake, anapata gigabaiti 5, anaandika insha zake. Hata hivyo, kama mtachukua ya familia na nafasi ipo, mpe. Itamsaidia siku bando limekwisha, kwa sababu programu iliyosakinishwa hufanya kazi bila intaneti, mradi laptopu iunganishwe angalau mara moja kwa mwezi.

Mume wako ana mambo mawili, na ningependa ayatenganishe. Kama baba wa nyumba, ana nafasi yake kwenye mpango wa familia kama ninyi wengine. Kama mwenye steshenari, hapana. Masharti ya mipango ya nyumbani yanasema ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na duka linalochapa CV kwa malipo ni biashara. Hata tukiweka masharti pembeni, fikiria kinachotokea: kompyuta ya dukani ikiwa imeingia kwa akaunti yake ya OneDrive, kila CV, nakala ya kitambulisho na cheti cha mteja kitakachohifadhiwa kwenye Documents kinaweza kupanda moja kwa moja kwenye hifadhi ya nyumbani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za mteja ni dhamana, hazifai kulala kwenye akaunti ya familia pamoja na picha za harusi.

Kwa dukani ningemshauri aweke LibreOffice. Ni ya bure kisheria, hata kwa biashara, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na wala haihitaji akaunti. Mpangilio wa waraka wenye majedwali mengi unaweza kusogea kidogo ukitoka programu moja kwenda nyingine, kwa hiyo kazi ya mteja ikikamilika aitoe kwa PDF kabla ya kuichapa au kuituma. Akiona lazima awe na Word yenyewe kwenye kompyuta moja, ipo Office Home & Business 2024, ya kulipia mara moja, yenye ruhusa ya biashara. Bei yake Marekani ni dola 249.99 kwa mashine moja. Na kama dukani bado kuna Office 2016 au 2019, ajue kwamba Microsoft iliacha kuzitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayochomekwa fleshi za watu mchana kutwa haipaswi kukaa hivyo.

Umeuliza mdogo wako akiacha kulipa itakuwaje. Hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye barua yako. Mpango wa familia ni kama nyumba ya wapangaji yenye mita moja ya LUKU: anayeshika mita ndiye anayeamua taa ziwake au zizime, hata kama wote mlichangia. Mwenye mpango anaweza kukuondoa wakati wowote, na hahitaji ridhaa yako. Asipolipa, kwenu nyote Word na Excel zinabaki za kusoma na kuchapa tu, hamwezi kuhariri wala kuanzisha waraka mpya. Hifadhi yako inarudi kwenye gigabaiti 5 za bure. Kama una zaidi ya hapo, OneDrive inakataa kupokea kitu kipya, na ikikaa hivyo muda mrefu bila kushughulikiwa, mafaili yanaweza kufutwa. Lakini akaunti inabaki yako, paswedi ni yako, na unaweza kuingia ukapakua vitu vyako, au ukajilipia mwenyewe ukaendelea pale ulipoishia. Leo hii huna hata hilo, kwa sababu kazi zako zimo ndani ya akaunti ya mtu mwingine. Akibadili paswedi usiku huu, asubuhi huna kitu.

Kwa hiyo mwenye mpango awe nani? Ningesema mdogo wako aendelee. Ana kadi inayokubali malipo ya nje, na kama kuna mtu mwenye kazi ya Copilot kati yenu ni mhasibu. Ila mkubaliane mapema mambo mawili, na myaandike hata kwa meseji: mchango wako utamfikia mwezi mzima kabla ya tarehe ya kulipia, na siku akitaka kuacha atawapa notisi ya miezi miwili. Kama unaona mchango utakuwa wa kudaiana kila mwaka, basi chukua wewe umiliki. Usihofie kukosa kadi ya benki, kampuni za simu nazo zina kadi za Visa au Mastercard za mtandaoni zinazofanya kazi kwa malipo ya namna hii. Ukizima malipo ya kujirudia mara baada ya kulipa, huduma inaendelea hadi mwisho wa mwaka uliolipia, na hakuna pesa itakayokatwa bila wewe kujua.

Nikiongeza neno kuhusu bando: mkishapata terabaiti kila mmoja, mtashawishika kupakia kila kitu, na OneDrive yenyewe itawahimiza iweke nakala ya Desktop, Documents na picha. Kwa anayetumia intaneti ya simu, hiyo inamaliza bando kimyakimya. Kwenye mipangilio ya Windows, uweke mtandao wa simu yako kuwa wa matumizi yanayopimwa (metered connection). OneDrive inaweza kusitisha upakiaji mkiwa kwenye mtandao huo. Picha na video pakieni mkipata waifai ya kazini au chuoni. Na diski ya pembeni uendelee kuwa nayo, mtunga mitihani asitegemee mahali pamoja.

Yule kijana wa "Office ya maisha" msimpe hata shilingi. Microsoft haiuzi 365 ya maisha, inauza kwa mwezi au kwa mwaka. Mara nyingi akaunti za namna hiyo hufunguliwa ndani ya usajili wa shule au kampuni fulani ya mbali, na msimamizi wa usajili ule anaweza kubadili paswedi yako, kufungua mafaili yako, na kuifuta akaunti siku anayotaka. Ukiona email mliyopewa si yenu, na inaishia kwa jina la taasisi msiyoijua, mmeshajibiwa. Ningemwelewa mume wako kwa kuvutiwa, duka lina gharama nyingi, lakini LibreOffice haimgharimu chochote na haimweki mikononi mwa mtu.

Mpangilio wa kazi uwe hivi. Kwanza kila mmoja afungue akaunti yake ya Microsoft kwa email yake. Halafu kila mmoja achukue vilivyo vyake kutoka kwenye akaunti ya mjomba, avihifadhi kwenye diski, na avifungue viwili vitatu kuhakikisha. Mdogo wako abadilishe kwenda mpango wa familia tarehe ya kulipia ikifika, awatumie mialiko, mpakie mafaili kwenye akaunti zenu mpya. Mkisharidhika kwamba kila mtu ana vyake, yeye mwenyewe ndiye afute vilivyobaki kwake, asifanyiwe na mtu mwingine. Mwisho abadili paswedi, aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yake, na aviondoe vifaa vyenu vyote kwenye akaunti yake, ikiwemo ile kompyuta ya dukani.